Steve McQueen

Makala hii inahusu mwigizaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1980. Asichanganywe na mwongozaji wa filamu wa Uingereza mwenye jina hilohilo.

Steve McQueen (jina kamili: Terrence Stephen McQueen, Beech Grove, Indiana, 24 Machi 1930 – Ciudad Juárez, Meksiko, 7 Novemba 1980) alikuwa mwigizaji na mtayarishaji wa filamu, pia dereva wa mbio za magari na pikipiki kutoka nchini Marekani. Katika miaka ya 1960 na 1970 alikuwa miongoni mwa waigizaji waliolipwa fedha nyingi zaidi duniani.

Anakumbukwa hasa kwa filamu za The Great Escape (1963), Bullitt (1968), Le Mans (1971) na Papillon (1973). Wapenzi wa magari humkumbuka pia kwa sababu nyingine: alitaka magari yanayoonekana katika filamu zake yawe magari ya kweli, yakiendeshwa kwa mwendo wa kweli. Kwa ajili hiyo baadhi ya filamu zake zimehifadhi picha za magari ambayo yalitengenezwa machache sana na ambayo leo huonekana kwa nadra nje ya makumbusho na minada. Msimamo huo ulimletea sifa, lakini pia ulimgharimu fedha, marafiki na utulivu wa nyumba yake, na dereva mmoja alipoteza sehemu ya mguu wake.

Maisha ya awali

McQueen alizaliwa katika familia isiyokuwa na utulivu. Baba yake, William, alikuwa rubani wa maonyesho ya ndege; aliiacha familia mtoto akiwa na umri wa miezi michache tu. Mama yake alishindwa kumlea peke yake, hivyo mtoto akapelekwa kwa babu na bibi yake, na baadaye akalelewa katika shamba la Claude, ndugu wa bibi yake, karibu na mji wa Slater, jimbo la Missouri.

Claude alikuwa mkali lakini mwenye upendo. Mtoto alipotimiza miaka minne alimpa zawadi ya baiskeli nyekundu ya magurudumu matatu. McQueen alipokuwa mtu mzima alieleza kwamba mapenzi yake ya mbio yalianzia hapo.

Shuleni alipata shida. Alikuwa na disleksia, yaani tatizo la kutambua na kupanga herufi wakati wa kusoma, na ugonjwa wa sikio wa utotoni ulimwacha na usikivu hafifu. Baadaye mama yake alimchukua wakaishi Los Angeles, ambako baba wa kambo alimpiga mara kwa mara. Kijana akajiunga na makundi ya wahuni na kuanza wizi mdogomdogo. Hatimaye akapelekwa katika shule ya marekebisho ya tabia ya Boys Republic, mjini Chino, California. Hapo mwanzoni alitoroka, kisha akatulia na kubadilika. Maisha yake yote hakuisahau shule hiyo: alipokuwa maarufu aliitembelea na kuzungumza na wavulana waliokuwa wakiishi humo.

Jeshini

Mwaka 1947 alijiunga na kikosi cha Marine cha Marekani. Mwanzoni alikuwa askari mkaidi. Aliwahi kufungwa siku 41 kwa kukaa nje ya kambi bila ruhusa. Baada ya adhabu hiyo alijirekebisha. Wakati wa mazoezi katika eneo la baridi kali la kaskazini aliwaokoa wenzake watano, akiwatoa katika kifaru kabla hakijapasua barafu na kuzama. Baadaye aliwekwa katika kikosi cha ulinzi wa heshima kilicholinda mashua ya Rais Harry Truman. Aliondoka jeshini mwaka 1950 kwa heshima.

Kuanza uigizaji

Serikali ya Marekani ilikuwa na mpango wa kuwalipia masomo wanajeshi waliomaliza utumishi. Kwa msaada wa mpango huo, mwaka 1952 McQueen alianza kusomea uigizaji katika shule ya Neighborhood Playhouse, New York, ambako mwalimu wake alikuwa Sanford Meisner. Mwishoni mwa juma alijipatia fedha za kujikimu kwa kushindana katika mbio za pikipiki. Mwaka 1955 aliingia jukwaa la Broadway katika tamthilia ya A Hatful of Rain.

Mwaka 1956 alimwoa Neile Adams, mcheza dansi na mwigizaji ambaye wakati ule alikuwa akijulikana kuliko yeye. Walipata watoto wawili, Terry na Chad.

Alianza kutambulika na umma kwa mfululizo wa televisheni wa Wanted Dead or Alive (1958–1961), kisha kwa filamu ya The Magnificent Seven (1960), iliyoongozwa na John Sturges. Mwongozaji huyohuyo alimpa nafasi katika The Great Escape, filamu kuhusu wafungwa wa vita wanaotoroka kambi ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Katika The Great Escape kuna tukio maarufu la pikipiki kuruka uzio wa seng'enge. Mruko wenyewe ulifanywa na rafiki yake Bud Ekins, lakini McQueen aliendesha katika sehemu kubwa ya tukio hilo. Kwa kuwa walikosekana waendeshaji wenye uwezo wa kumfuata, katika baadhi ya picha alivaa sare ya Kijerumani na kujifukuza mwenyewe. Mtazamaji anayejua pikipiki atagundua pia kwamba ile inayoonekana kama pikipiki ya jeshi la Ujerumani ni Triumph ya Uingereza, iliyotengenezwa miaka mingi baada ya vita na kupakwa rangi ya kijeshi.

Mwaka 1966 aliigiza katika The Sand Pebbles, kazi iliyompatia uteuzi wake pekee wa Tuzo ya Oscar.

Dereva wa mbio

McQueen alianza kushindana kwa magari mwaka 1959 huko California, akitumia Porsche 356 Speedster yake mwenyewe. Mwaka 1962 aliendesha Austin-Healey Sprite katika mashindano ya Sebring, Florida. Mwaka 1964 alikuwa katika timu ya Marekani kwenye mashindano ya kimataifa ya pikipiki ya siku sita, yaliyofanyika Ujerumani Mashariki.

Ushindani wake mkubwa zaidi ulikuwa mbio za saa 12 za Sebring, Machi 1970. Alishirikiana na Peter Revson katika Porsche 908 ndogo yenye injini ya lita 3. Wiki chache kabla alikuwa amevunjika mguu wa kushoto katika mbio za pikipiki, hivyo alikanyaga klachi akiwa amefungwa plasta ngumu. Revson aliendesha kwa muda mrefu zaidi. Gari lao lilimaliza la pili, nyuma ya Ferrari 512 S iliyoongozwa na Mario Andretti katika sehemu ya mwisho, kwa tofauti isiyofika sekunde 30.

Magari aliyomiliki

Kati ya magari yake, lililojulikana zaidi ni Jaguar XKSS. Gari hili lilitokana na Jaguar D-Type, gari la mbio lililoshinda Le Mans mwaka 1955, 1956 na 1957. Kiwanda kilikusudia kugeuza magari 25 ya mbio yaliyobaki yawe ya barabarani, lakini moto wa Februari 1957 uliteketeza baadhi yake, na ni 16 tu yaliyokamilika. McQueen alilinunua la kwake mwishoni mwa miaka ya 1950, akaliuza, kisha akalirudisha mwaka 1977 na kubaki nalo hadi kifo chake. Sasa limo katika Makumbusho ya Magari ya Petersen, Los Angeles.

Magari katika filamu zake

The Thomas Crown Affair (1968). Katika filamu hii mwigizaji Faye Dunaway anaendesha Ferrari 275 GTB/4 isiyo na paa, ya aina iliyoitwa NART Spider. Yalitengenezwa magari 10 tu ya aina hiyo, kwa ombi la mfanyabiashara Luigi Chinetti aliyekuwa akiuza Ferrari nchini Marekani. Gari lililotumika katika filamu lilikuwa limekwisha kushiriki mbio za Sebring mwaka 1967.

Bullitt (1968). McQueen anaigiza kama mpelelezi wa polisi wa San Francisco. Filamu iliongozwa na Peter Yates na inajulikana kwa mafukuzano ya magari yanayochukua takriban dakika 10 katika barabara za milima za mji huo. McQueen anaendesha Ford Mustang GT 390 ya kijani, na wahalifu wako katika Dodge Charger nyeusi. Magari yalifikia mwendo wa zaidi ya kilomita 170 kwa saa. McQueen aliendesha katika picha nyingi, na zile za hatari zaidi waliachiwa Bud Ekins na Loren Janes. Mhariri Frank P. Keller alipata Tuzo ya Oscar.

Mustang hiyo hutambulikana kwa urahisi kwa sababu nembo ya farasi ya mbele iliondolewa. Watazamaji makini wamegundua pia makosa ya uhariri: Volkswagen moja ya kijani inapitwa tena na tena, na Dodge Charger inapoteza vifuniko vya magurudumu vingi kuliko magurudumu iliyo nayo. Sababu ni kwamba mafukuzano yalipigwa kwa kamera kadhaa, na tukio moja likaonyeshwa kutoka pembe tofauti kana kwamba ni matukio mbalimbali.

Zilitumika Mustang mbili. Moja, iliyotumika kwa miruko, iliharibika sana na ilipatikana tena Meksiko mwaka 2017. Nyingine ilinunuliwa na familia moja katika miaka ya 1970 na kutumika kama gari la kawaida la nyumbani. McQueen aliwaandikia mwaka 1977 akiomba kuinunua, lakini hakufanikiwa. Iliuzwa mnadani Januari 2020 kwa dola milioni 3.4, mbali na ada za mnada.

Filamu ya Le Mans

Le Mans ni mji wa Ufaransa ambako tangu mwaka 1923 hufanyika mbio za magari za saa 24, madereva wa kila gari wakipokezana usiku na mchana. Kwa miaka mingi McQueen alitamani kutengeneza filamu itakayoonyesha mbio kama dereva anavyoziona. Mpango wake wa kwanza, uliohusu Formula One, ulifutwa baada ya kampuni nyingine kutangulia na filamu ya Grand Prix (1966) ya John Frankenheimer, ambamo mhusika mkuu alikuwa James Garner, mwenzake wa The Great Escape. Katika Grand Prix magari mengi yaliyoendeshwa na waigizaji yalikuwa ya daraja dogo la Formula Three, yakiwa yamevalishwa mabodi yanayofanana na ya Formula One.

McQueen alitaka kwenda mbali zaidi. Kampuni yake, Solar Productions, iliingiza gari katika mbio halisi za Le Mans za tarehe 13 na 14 Juni 1970. Yeye mwenyewe alikusudia kushiriki katika Porsche 917 pamoja na bingwa wa dunia Jackie Stewart, lakini kampuni za bima zilikataa. Badala yake, Herbert Linge na Jonathan Williams waliendesha ile Porsche 908 ya Sebring ikiwa imefungwa kamera mbele na nyuma. Ingawa ilisimama mara kwa mara kubadilishiwa mikanda ya filamu, ilimaliza ikiwa ya tisa barabarani, lakini haikuhesabiwa katika matokeo kwa kuwa haikutimiza umbali uliotakiwa. Ni magari 7 tu yaliyopata nafasi rasmi mwaka ule.

Baada ya mbio, upigaji picha uliendelea kwa miezi kadhaa. Madereva wa kweli waliajiriwa, na magari mengi yalipatikana kupitia dereva wa Uswisi Jo Siffert. Enzo Ferrari alikataa kutoa magari yake kwa sababu katika hadithi Porsche ndiyo inayoshinda, hivyo Ferrari 512 S zikaazimwa kutoka kwa wamiliki wengine, akiwemo Mbelgiji Jacques Swaters. Ford GT40 moja, ambayo leo ina thamani kubwa mno, ilikatwa paa ili ibebe kamera. Mwaka 2012 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 11.

Mtazamaji wa Le Mans anaweza kutambua hasa magari yafuatayo:

- Porsche 917 K, yenye injini ya silinda 12 iliyopozwa kwa hewa na mkia mfupi. Kanuni zilitaka magari 25 yatengenezwe kabla ya kuruhusiwa kushindana, na Porsche iliyaonyesha yote 25 kwa wakaguzi mwezi Aprili 1969. Mhusika wa McQueen, Michael Delaney, anaanza na lenye namba 20, la rangi ya buluu isiyokolea na machungwa ya kampuni ya mafuta ya Gulf.
- Ferrari 512 S, nyekundu, yenye injini ya silinda 12 ya lita 5, nayo ikitengenezwa 25 kutimiza kanuni hiyohiyo.
- Lola T70. Gari hili lina kazi ya siri: katika ajali kubwa za filamu, yanayovunjika si Porsche wala Ferrari bali Lola zilizovalishwa mabodi ya magari hayo na kuongozwa kwa rimoti.
- Porsche 911 S ya kijivu, ambayo Delaney anaiendesha mashambani mwanzoni mwa filamu. Iliuzwa mwaka 2011 kwa dola milioni 1.375.

Hadithi na mbio halisi hazikulingana. Katika filamu Porsche za Gulf zinachukua nafasi mbili za mbele. Katika mbio halisi zote tatu ziliharibika njiani, na mshindi alikuwa Porsche 917 nyekundu na nyeupe ya Hans Herrmann na Richard Attwood, ushindi wa kwanza wa jumla wa Porsche huko Le Mans.

Gharama ya filamu hiyo

Kazi ilianza bila mswada uliokubaliwa na wote. John Sturges alitaka hadithi yenye mapenzi na migogoro ya watu, lakini McQueen alitaka mbio zenyewe ziwe hadithi. Gharama zikapanda, siku zikapita, na kampuni iliyotoa fedha, Cinema Center Films, ikasimamisha kazi na kuchukua usimamizi. Ili filamu isife, McQueen aliacha malipo yake na sehemu yake ya faida. Sturges aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Lee H. Katzin.

Madereva nao walilipa. Derek Bell alipata majeraha ya moto Ferrari aliyokuwa akiendesha ilipowaka. Mwingereza David Piper alipata ajali mbaya zaidi: Porsche 917 yake iligonga kingo za barabara na kukatika vipande, na madaktari wakalazimika kuukata mguu wake chini ya goti. Watayarishaji walimshukuru kwa jina mwishoni mwa filamu. Piper alirudi baadaye kuendesha magari ya kale ya mashindano akiwa na mguu wa bandia.

Filamu ilitolewa Juni 1971. Kwa zaidi ya nusu saa ya mwanzo karibu hakuna mazungumzo kati ya wahusika. Wahakiki wengi walilalamika kwamba haina hadithi, na mapato yalikuwa madogo. Ndoa ya McQueen na Neile, iliyokuwa imekwisha kuyumba, ilivunjika mwaka 1972. Hakutengeneza tena filamu ya mbio za magari, ingawa mwaka huohuo wa 1971 alionekana katika On Any Sunday, filamu ya kweli ya Bruce Brown kuhusu mbio za pikipiki, iliyoteuliwa kwa Tuzo ya Oscar.

Miaka ya mwisho

Umaarufu wake haukupungua. Aliigiza katika The Getaway (1972), Papillon (1973) na The Towering Inferno (1974). Katika hii ya mwisho alikuwa pamoja na Paul Newman, mwigizaji mwingine aliyekuwa dereva wa mbio. Mwaka 1973 alimwoa mwigizaji Ali MacGraw, na wakaachana mwaka 1978. Januari 1980 alimwoa Barbara Minty.

Mwishoni mwa mwaka 1979 aligundulika kuwa na mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, ambayo huhusishwa na vumbi la asbesto. Madini hayo yalitumika wakati ule kuzuia moto katika meli, na pia katika mavazi ya madereva wa mbio; McQueen alikuwa ameyakuta jeshini na mashindanoni. Alitafuta matibabu nchini Meksiko, yakiwemo ambayo madaktari wa Marekani hawakuyakubali. Alifariki kwa mshtuko wa moyo tarehe 7 Novemba 1980, baada ya upasuaji wa kuondoa uvimbe, akiwa na umri wa miaka 50. Majivu yake yalimwagwa katika Bahari ya Pasifiki.

Urithi

Filamu ya Le Mans, iliyodharauliwa ilipotoka, ilipata thamani mpya baada ya muda. Porsche 917 ilishinda tena Le Mans mwaka 1971, lakini kuanzia mwaka 1972 kanuni za ubingwa wa dunia zilipunguza ukubwa wa injini hadi lita 3. Kwa hiyo 917 na 512 zilikutana katika mashindano hayo kwa misimu miwili tu. Filamu ya McQueen iliwakuta katika wakati huo mfupi, kwa rangi, kwa sauti za injini zao na kwa mwendo wao halisi, usiku na katika mvua.

Mwaka 2015 ilitolewa filamu ya kweli, Steve McQueen: The Man & Le Mans, inayosimulia jinsi kazi hiyo ilivyofanyika na yaliyowapata walioshiriki. Mwaka 1978 McQueen mwenyewe aliingizwa katika orodha ya heshima ya mbio za magari za nje ya lami za Marekani, na mwaka 1999 katika ile ya pikipiki.